Mjomba na Kipindi cha Dini cha Kidato cha Tatu

14 Januari

Mjomba wangu mpendwa,

Kabla sijasema langu, nataka kujua hali zenu. Je, yale mafua yaliyokukwaruza koo nilipoondoka yameisha? Mguu wa Mama unaendeleaje? Na ile saluni yako, kiti cha pili kimepata mtu au bado unaweka magazeti juu yake?

Mimi ni mzima. Nimepewa chumba nyuma ya maktaba ya shule, dirisha linatazama uwanja wa mpira wa wavu. Kitanda kinalia kila nikijigeuza, kwa hiyo nimejifunza kulala kama ubao. Maji yanatoka asubuhi, chakula kipo. Mwambie Mama asianze kufungasha kitu.

Naandika kwa kalamu kama watu wa zamani kwa sababu simu yako imenishinda. Nikikupigia, inaita mpaka inakata. Nikimpigia Mama, ananiambia umetoka kidogo. Juzi ulikuwa umetoka kidogo, jana umetoka kidogo, leo tena umetoka kidogo. Sasa Mjomba, mtu mwenye saluni ya viti viwili na msikiti mmoja wa kuadhini anatoka kwenda wapi kila siku?

Sasa jambo lenyewe. Unajua niliajiriwa nifundishe historia. Jumatatu mkuu wa shule akaniita ofisini. Walimu wawili waliokuwa wakifundisha dini, mmoja amehama, mwingine amestaafu, na ratiba ina kipindi cha dini kila Ijumaa asubuhi. Akaniambia, "Wewe chuoni ulisoma dini pia." Nikamwambia nilisoma habari za dini nyingi, sikusomea kufundisha moja. Akasema, "Basi wafundishe hizo nyingi," akarudi kwenye makaratasi yake, na mazungumzo yakaishia hapo.

Kwa hiyo nimebaki na kidato cha tatu kizima, Waislamu, Wakristo wa makanisa mbalimbali, na wachache ambao kwao hawaendi popote kusali. Siku ya kwanza walikaa kwa mafungu kama timu zinazosubiri filimbi. Nikawaambia kila mmoja aandike swali ambalo hajawahi kuthubutu kumwuliza mtu mzima. Mengi yalikuwa ya uchokozi: kama Mungu anajua kila kitu, kwa nini anaacha watu wafanye mitihani. Lakini mengine, Mjomba, nimeyasoma mara nyingi na sijui nianzie wapi. Ningekuwa nyumbani ningekaa juu ya hayo magazeti yako nikuulize.

Nijibu. Au upokee simu, kama utakuwa hujatoka kidogo.

Mpwa wako,
Bi Kwanini

11 Februari

Bi Kwanini, mtoto wa dada yangu,

Barua yako ilifika nina mteja mwenye povu shavu moja. Nilimwacha hivyo hivyo mpaka nilipomaliza kuisoma, na hakulalamika, maana aliona sura yangu.

Sisi huku hatujambo. Mguu wa mama yako umepona, sasa anautumia kuzunguka na kunitafutia makosa. Ameshona mapazia mapya ya sebuleni, ya rangi ambayo sitaitaja. Kiti cha pili hakijapata mtu. Magazeti yanakusalimu.

Kuhusu simu, usinifanyie upelelezi. Siku hizi masikio yangu na simu havipatani. Isitoshe barua ni nzuri, mtu anamaliza sentensi yake bila wewe kumkatiza, jambo ambalo tangu uanze kusema sijawahi kulipata.

Saluni inakwenda vizuri kuliko zamani. Wateja wanasema nimekuwa msikivu. Kuna dereva wa teksi alinisimulia habari za mkewe kuanzia kisogo mpaka kidevu, nikampiga poda, akasimama akanishika mkono akaniambia hajawahi kupata ushauri mzuri kama ule. Mimi sikuwa nimetoa neno.

Sasa darasa lako. Mimi si mwalimu, kwa hiyo chukua unachokitaka na kingine ukiache. Ningekuwa wewe nisingewaeleza sana. Ningewapeleka wakaone. Wakae nyuma, wavue viatu panapovuliwa, wajifunike panapofunikwa, wanyamaze. Wakitoka, waulize wameona nini. Usiwaulize wanaamini nini. Hilo la pili hata mtu mzima ukimwuliza ghafla atakudanganya, tena kwa nia njema.

Yale maswali mengine hukuniandikia ni yapi. Niandikie.

Koo ni koo tu. Kula vizuri.

Mjomba wako

6 Machi

Mjomba,

Salamu nyingi kwako na kwa Mama, na pole kwa mapazia. Ameniambia rangi.

Nimefanya ulivyosema, na nimejuta na kufurahi kwa pamoja. Kwanza tulikwenda kanisani siku ya mazoezi ya kwaya. Wavulana wangu wa Kiislamu waliingia kama watu wanaokanyaga sakafu iliyopigwa deki sasa hivi. Kiongozi wa kwaya aliwasimamisha waimbaji katikati kwa sababu sauti ya nne, ile nene, ilipotea, akawarudisha, wakapotea tena, akawarudisha. Tulipotoka, mvulana mmoja akasema, "Kumbe na wao hukosea." Nikamwuliza alidhani vipi. Akasema alidhani wakiimba inatoka tu.

Wiki iliyofuata tukaenda msikitini. Wasichana wa Kikristo walisimama mlangoni wakitazama ndani, mmoja akaninong'oneza, "Mwalimu, viti viko wapi?" Walishangaa ule uwazi. Walitaka kujua watu hushika nini wakichoka.

Mahali pa tatu palikuwa hospitalini, kwenye chumba kidogo cha maombi walichowaachia watu wa dini zote. Zamani kilikuwa stoo ya vitanda, bado kuna alama za magurudumu sakafuni. Nilipenda wakione kwa sababu hakina mwenyewe. Wote waliingia isipokuwa msichana mmoja ambaye wenzake wanamwita Wakili, maana hakubali kushindwa kwa maneno. Alibaki koridoni ameegemea ukuta. Mwenzake akanieleza kwamba mama yake alifia katika hospitali hiyo, mwaka juzi.

Darasani Ijumaa hii Wakili alinyoosha mkono. Akaniuliza, bila ukorofi wowote, "Mwalimu, wewe ukiomba, unasikia nini?"

Nilimwambia muda umekwisha. Nusu ya kipindi ilikuwa bado.

Hilo liache. Kuna kubwa zaidi. Baba wa mmoja wa wanafunzi, seremala, alikuja shuleni ameshika kofia mkononi, mtu mpole, akamwambia mkuu wa shule: "Mwanangu ameniuliza jirani yetu anaomba nini. Mimi sikumleta shule aje aulize ya jirani." Wengine wakasikia, wakaungana naye. Wanasema nawachanganya watoto. Mkuu wa shule ataitisha kikao cha wazazi mwezi ujao, na kipindi kinaweza kufutwa. Nami, nikiwa mgeni hapa, sijui kama nitabaki.

Njoo, Mjomba. Sijawahi kukuomba kitu kikubwa. Mimi nitasimama pale nitetemeke. Wewe hata ukisalimia tu kwa ile sauti yako, watu watakaa chini. Nimekua nikiamka kwa sauti hiyo. Najua inavyofanya kazi.

Nijibu upesi.

Bi Kwanini

9 Aprili

Mjomba,

Natumaini mko salama. Mwezi umepita na sijapata hata mstari. Mama bado anasema umetoka kidogo.

Kikao kimesogezwa mpaka baada ya likizo. Mimi likizo sitakuja, nimeachiwa wanaorudia mitihani.

Sijakasirika. Herufi ni kubwa kwa sababu kalamu ni mbaya. Nataka tu kujua. Kama hupendi ninachofundisha, kama unaona nimewaingiza watoto mahali ambapo hukunilea nimwingize mtu, niambie usoni. Nitaumia lakini nitakuelewa. Huku kunyamaza ndiko kunanikata maini.

Mpwa wako

18 Aprili

Mpwa wangu,

Mama yako amesoma barua yako, ameiweka juu ya meza yangu ya wembe, akasimama hapo hapo mikono kiunoni. Kwa hiyo naandika.

Sina neno na darasa lako. Lifute hilo kichwani leo leo. Nimelipenda darasa hilo tangu barua ya kwanza, na yule wa viti amenichekesha kwa siku kadhaa.

Yale mafua hayakuwa mafua. Kabla hujaondoka daktari alikwisha kuniingizia kamera kooni, akaona uvimbe. Ulipanda basi kwenda kuanza kazi, wiki iliyofuata nikalazwa. Wamenipasua. Wanasema uvimbe wameutoa wote, na vipimo vya mwezi huu vinasema hivyo hivyo, kwa hiyo mimi sifi, usianze kulia vibaya. Ila uvimbe umeondoka na sauti yangu. Nikifungua mdomo inatoka hewa, kama tairi lililotoboka. Daktari anasema nisitarajie kurudi nilipokuwa.

Ndiyo maana sipokei simu. Ndiyo maana wateja wananiona msikivu. Mama yako nilimwapisha, usimgombeze. Amelia zaidi yangu na bado alikuwa anapokea simu zako kwa sauti ya kawaida.

Utaniuliza, kama jina lako lilivyo, kwa nini sikusema. Mwanzoni ni kwa sababu ulikuwa unaanza kazi. Baadaye sababu ikawa nyingine, na naiandika mara moja tu. Barua zako zilikuwa zikiitaja sauti yangu kana kwamba ipo. Nilitaka, kwa muda, pawe na mtu mmoja duniani ambaye kwake bado ninayo.

Msikitini wamempata mwingine. Usiniulize habari za msikitini kwa sasa.

Mjomba wako

25 Aprili

Mjomba wangu,

Barua nimeisoma nimesimama koridoni, wanafunzi wakinipita na ndoo za maji. Nikaingia chumbani nikakukasirikia. Halafu nikakulilia. Nilipomaliza nikaenda kusimamia mtihani, nikarudi, nikakukasirikia tena. Sasa nimekaa.

Pole, Mjomba. Pole sana. Nimejaribu kukumbuka mara ya mwisho kukusikia. Ilikuwa stendi, ulinishikia begi ukasema, "Panda, dereva hana mjomba hapa." Ulikuwa unakwaruza nami nikakucheka.

Kuhusu kikao usijali. Nitasimama mwenyewe nitetemeke, kutetemeka hakujaua mtu.

Lakini kwa kuwa umefungua mlango, na mimi nina langu, na nilitaka wewe kati ya watu wote usilijue. Siwezi kuomba. Sijui tangu lini. Nasimama, nainama, nasujudu, maneno yote yapo mahali pake, na hayaendi popote. Ni kama kusoma maelezo ya dawa nyuma ya chupa. Mwanzoni nilidhani ni uchovu wa kuhama. Si uchovu.

Wakili aliponiuliza nasikia nini, jibu nilikuwa nalo: sisikii kitu. Lile la muda umekwisha lilikuwa woga. Nawatembeza watoto wa watu nikiwaonyesha wengine wanavyotafuta, na mimi changu sijui nilikiweka wapi. Labda seremala ana haki.

Wewe ndiye uliyenifundisha kusimama juu ya mkeka, nikiwa nafika kiunoni kwako. Nahisi nimekupotezea kitu chako.

Bi Kwanini

10 Mei

Bi Kwanini,

Nimecheka. Kicheko changu siku hizi ni mabega tu, mama yako alidhani nimepaliwa akaniletea maji.

Kwanza, hujanipotezea kitu. Nilikufundisha kusimama. Kusikia sikukufundisha, kwa sababu sijui kunafundishwaje, na kama mimi sijui, wewe ungejulia wapi? Umesimama miezi yote hiyo bila kupata chochote na hujaacha. Mimi nikiwa na umri wako nilikuwa nikipata, ndiyo maana nikasimama. Sasa pima mwenyewe nani kati yetu ana bidii.

Pili, kuna asubuhi nyingi, mwanangu, niliadhini nikifikiria wembe uliokwisha makali na mteja aliyeahidi kurudi. Maneno yalikuwa yakitoka kama unavyosema, kama maelezo ya dawa. Watu walikuja vile vile. Nilikuwa nawaona wakivuka barabara na kofia zao, wengine wakikimbia. Jambo hilo sijalielewa mpaka leo na sina maelezo ya kukupa.

Seremala hana haki, ila ana hofu, na hofu ya mzazi ina heshima yake. Mpe kiti.

Nimepiga moyo konde, nakuja. Mama yako atanifikisha stendi na kumpa kondakta maelekezo kama anasafirisha mayai. Ila usiniweke mbele ya wazazi, sitaki kuonewa huruma na watu wenye kofia mkononi. Niweke mbele ya watoto. Watoto wataniuliza vya kweli.

Tafuta chaki nzima, si vile vipande vyenu.

Mjomba wako

12 Juni

Mjomba wangu mpendwa,

Nimefurahi kusikia umefika salama na kwamba yule kondakta alimpigia Mama simu kabla hujashuka. Msalimie Mama, mwambie mto alionitumia nimeulalia na kitanda kimepunguza kelele.

Kikao kimefanyika, siku chache baada ya wewe kuondoka. Nilitetemeka kama nilivyoahidi. Nilieleza tunachofanya, tunakwenda wapi, na kwamba sijamwambia mtoto yeyote aache cha kwao. Walinisikiliza, wakabishana wao kwa wao muda mrefu, wengine wakatoka hawajaridhika. Seremala akasimama akasema atakubali kwa sharti moja, awe anakuja kukaa darasani. Mkuu wa shule akanitazama. Nikasema kiti kipo.

Amekuja Ijumaa mbili. Ya kwanza alikaa nyuma kwenye dawati la mwanafunzi, magoti yamefika kidevuni, na nilipogeuka alikuwa amelipindua dawati lenyewe anachunguza miguu. Alirudi mchana na nyundo, akayatengeneza yote yanayoyumba. Ya pili aliinua mkono. Mwanawe alificha uso kwa aibu. Akauliza, "Na wale ambao hawaombi kabisa, wakiogopa hufanyaje?" Msichana mmoja ambaye kwao hawaendi popote akamjibu kwamba kwao mtu akiogopa hulala chumba kimoja na wenzake, taa ikiwaka. Seremala akasema, "Hata sisi." Kipindi kikaendelea.

Kuhusu mimi, usiniulize kama nimeanza kusikia. Sijaanza. Lakini siku hizi nikishasimama sina haraka ya kumaliza. Wakili amenirudia na swali lake, nikamjibu ukweli, sisikii kitu na bado nasimama. Akasema, "Afadhali," akaenda zake. Juzi nilimwona hospitalini, kwenye kile chumba, amekaa sakafuni peke yake. Sikuingia.

Sasa nikusimulie lile ambalo hukuliona, kwa sababu ulikuwa unawahi basi.

Ulivyokuwa pale mbele ya darasa, ukiwajibu kwa chaki ubaoni, najua unavyojiona wewe, lakini acha nikwambie ulivyoonekana kutoka nilipokaa. Mwanzoni mwandiko wako ulikuwa mdogo, nao wakawa wanasogeza shingo. Walipokuuliza kama una hasira ukaandika *Ndiyo*. Walipokuuliza na nani, ukaandika *Naye*. Wakili akauliza unawezaje kumwomba unayemkasirikia. Ukaandika: *Hata dada yangu nikimkasirikia, ninayemwambia ni yeye.* Wakacheka. Nilimwona Wakili akitabasamu bila kupenda.

Halafu mvulana wa dirishani akakuuliza nani anaadhini sasa. Nilitaka kumkatiza, nikakumbuka uliniambia nisikuulize ya msikitini. Ukaandika kwamba ni fundi viatu wa jirani, na sauti yake ni kama mlango usiotiwa mafuta. Akakuuliza, "Ukimsikia, unajisikiaje?" Ukatugeukia mgongo. Nilidhani utaiweka chaki chini. Kisha ukafuta ubao wote kwa mkono, ukaandika kwa herufi kubwa katikati:

*Miaka yote nilikuwa naita. Sasa naitwa.*

Ukajipangusa vumbi kwenye suruali, nikakusindikiza mpaka getini.

Niliporudi kuchukua vitabu vyangu, kipindi cha hesabu kilikuwa kimeanza. Zamu ya kufuta ubao ilikuwa ya Wakili. Alikuwa amesimama na kifutio mkononi, hafuti. Mwalimu wa hesabu unamjua kwa barua zangu kwa Mama; ndiye anayesema kipindi changu ni muda wa kusinzia wenye jina zuri. Alimwuliza, "Unasubiri nini?" Wakili akasema, "Mwalimu, naomba nisifute." Mwalimu akawauliza wengine nani atafuta. Hakuna aliyeinuka.

Nikiwa mlangoni nilijiandaa kuomba radhi. Mwalimu wa hesabu akausoma ubao. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa, akausoma tena. Halafu akachukua chaki, akaenda kwenye kona ya chini kulia, akapiga goti moja, na akafundisha kipindi kizima pale, kwa mwandiko mdogo kama wa chupa ya dawa, akifuta kwa kidole kila nafasi ilipojaa. Wa nyuma walibeba viti vyao wakasogea mbele ili waone.

Mpwa wako anayekupenda,
Bi Kwanini